Ibtisam Ahamia Mpira wa Papai

Mpira wa Waayalandi ukiutazama mara ya kwanza utadhani wachezaji wamegombana juu ya sheria, wakaamua kila mtu acheze yake. Huyu anadaka kwa mikono, yule anapiga teke, wa tatu anakimbia huku anaudundisha juu ya ncha ya kiatu kama mtu anayemchezea paka. Goli lina wavu chini na nguzo ndefu zinazopanda juu. Ukitia wavuni, pointi tatu. Ukipitisha juu baina ya nguzo, pointi moja, na hakuna anayekuuliza umepitisha kwa teke au kwa ngumi. Mpira wenyewe ni duara kama balungi, tena mwaminifu. Ukiudundisha unakurudia mkononi.

Mimi nilikuwa dereva wa Kosta iliyowachukua wasichana wa timu ya Riyadh, kwa hiyo mchezo huo nimeutazama hadi nikaujua bila kufundishwa. Wengi wao walikuwa wauguzi na walimu kutoka Ayalandi. Wawili walikuwa wetu. Mmoja ni Monicah, Mkenya wa Nakuru, msaidizi wa mwalimu kwenye skuli ya watoto wadogo. Alikuwa kipa, na mdomo wake ulizuia magoli kuliko mikono, maana washambuliaji walikuwa wakicheka mpaka wanakosea. Wa pili ni Ibtisam, na habari hii ni yake.

Ibtisam ni Mzanzibari wa Jeddah. Bibi yake aliletwa mtoto kutoka Unguja baada ya mwaka wa sitini na nne, na ukoo ukazalia huku. Yeye mwenyewe alikuja Riyadh kufanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, mtaa wa Olaya. Siku moja mwalimu wa Kiayalandi aitwaye Nuala alikwenda kung'olewa jino, akamwona Ibtisam akiidaka glasi iliyoteleza mezani kabla haijafika chini. Nuala hakungoja hata ganzi iishe. Kwa mdomo uliopinda akamwambia, njoo uwanjani. Ibtisam akaenda kwa adabu tu, asije akamuudhi mgonjwa. Misimu haikupita mingi akawa nahodha, na ukitaja timu za wanawake za Ghuba nzima, jina lake lilitangulia.

Basi angeweza kutulia. Hakutulia.

Waaustralia nao wana mpira wao, binamu wa huo wa Waayalandi. Tofauti ni kwamba mpira wao umechongoka ncha mbili, na mchezaji anaruhusiwa kumkamata mwenzake akambwaga chini. Nguzo zao ni nne, hazina wavu wala mwamba wa juu. Ukipitisha baina ya mbili za kati unapata sita. Ukipitisha pembeni unapata moja. Kule kwao wanawake wanaucheza kwa mshahara, na wasichana wa Kiayalandi huhamia huko kila mwaka. Ibtisam alikuwa akiwatazama kwenye simu kila akitoka kazini, ndani ya metro, mpaka siku nyingine anapitiliza kituo.

Ndipo ikaja habari kutoka Jeddah. Mwalimu wa klabu moja ya wanawake ya Australia, mama aitwaye Leanne, anakuja kumtembelea kaka yake mhandisi. Waaustralia wa Jeddah wana timu yao ya kujifurahisha. Wakasema, leteni timu yenu ya Riyadh Ijumaa, mwezi mmoja kutoka leo, tucheze mpira wetu, Leanne atamtazama huyo Ibtisam wenu. Wakatuma na mpira wa mazoezi.

Monicah aliupokea, akaugeuza, akaunusa.

"Aki Ibti, hii ni mpira ama ni papai?"

"Papai ukiliangusha linatulia," Ibtisam akasema. "Hili linakimbia."

Na lilikimbia kweli. Mwezi mzima alikuwa akilidundisha nalo linamrukia puani, linamgonga goti, linakwenda kwa Monicah ambaye hakuliomba. Teke lake, lililokuwa limenyooka kama rula, likawa la bahati nasibu. Kudaka alidaka vizuri, kuruka aliruka, lakini papai likifika mguuni ilikuwa Mungu saidia.

Jioni moja nawarudisha, Monicah akamgeukia Ibtisam.

"Sikiza nikwambie. Hapa we ni kapteni. Watoto wa Dubai wakikuona wanashika tumbo. Huko utaanza kama toto ya form one, unatumwa maji."

"Nitayaleta mbio."

"Na hapa tuko na kombe la Ghuba mwezi ujao! Unatuacha na nani? Na Nuala na magoti yake?"

"Nimesikia hiyo," Nuala akasema kutoka nyuma. Kiswahili hakujua, ila jina lake na neno magoti alikuwa ameshayazoea.

Nikamuuliza Ibtisam, maana mtu mzima nawe una haki ya kuuliza ukiwa umeshika usukani, "Mwanangu, unafuata nini huko?"

"Ami Mubarak, hapa nikishinda kombe Ijumaa, Jumapili nawaambia watu kaeni msubiri daktari. Kule mchezo ndio kazi yenyewe. Nina miaka ishirini na sita. Huyo mama asiponitaka safari hii, hatapita mwingine."

Mtu aliyezunguka kama mimi hamwambii mwenzake akae.

Alhamisi tukaondoka alfajiri. Riyadh mpaka Jeddah ni jangwa la kutosha kumfanya mtu azungumze na nafsi yake, lakini ukiwa na Monicah hupati nafasi hiyo. Kabla ya Makka nikakata ile njia ya pembeni ya wasio Waislamu, kwa sababu ya abiria wangu. Muuguzi mmoja mgeni akauliza mbona tunazunguka.

"Ni sisi watu wa Jumapili tunazungushwa," Monicah akamjibu. "Tulia, uone milima."

Ibtisam hakucheka. Alikuwa ameligandisha papai magotini, analigeuza, analigeuza.

Jeddah tukapokelewa mtaa wa Nuzla, nyumbani kwa bibi yake Ibtisam, Bi Kijakazi. Waayalandi wote wakakalishwa chini kwenye zulia wakalishwa sambusa na mkate wa kumimina mpaka wakaanza kuomba msamaha. Bi Kijakazi mwenyewe alikaa kwenye kochi, kanga begani, anawahesabu kama kuku wa jirani.

"Kwa hiyo Mubarak, umeniletea mtoto wangu aje auzwe."

"Hauzwi, Bibi. Anatazamwa."

"Hata mbuzi huanza kwa kutazamwa." Akamgeukia mjukuu wake. "Ukoo huu ulishavuka bahari mara moja. Tulivuka kwa kukimbizwa, hatukuvuka kwa mpira. Na huko Australia tuna nani? Kuna jamaa hata mmoja wa kukupikia uji ukiumwa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi."

"Lakini Bibi, ukisema hapana sitakwenda."

Bi Kijakazi akamtazama kwa hasira. Hakuna kinachomuudhi mzee kama kuachiwa aamue. "Mimi sijasema hapana. Nimesema nataka kumwona huyo mwanamke. Kesho nakuja."

Uwanja ulikuwa wa skuli moja ya kigeni, upande wa Obhur. Baada ya Alasiri tukakuta nguzo nne za mabomba ya plastiki zimesimikwa kila upande, zinainama na upepo wa bahari. Joto la Jeddah si kama la Riyadh. La Riyadh linakukausha, la Jeddah linakupika na mvuke wako mwenyewe. Leanne alikuwa amesimama kivulini, mama mrefu, kofia pana, miwani, kimya. Bi Kijakazi nikamwekea kiti cha kukunja pembeni yake. Wakasalimiana kwa vichwa kama wakwe wanaopimana.

Wakaanza. Tisa kwa tisa.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue. Kwenye mpira wa Waayalandi, wanawake hawaruhusiwi kushikana maungo. Ukimvamia mwenzako, filimbi inalia. Ibtisam miaka yake yote amecheza hivyo. Akapata mpira wa kwanza, akampita mmoja, wa pili akamkumbatia kiuno akambwaga chini kama gunia la mchele. Ibtisam pale pale chini akafungua mikono, anamtazama refa. Refa naye anamtazama yeye. Mpira ukaondoka, Waaustralia wakaenda kufunga.

"Ref! Ref!" Monicah akapiga kelele golini. "Ameuawa mtu hapa!"

"Sheria inaruhusu!" refa akajibu.

"Sheria gani hiyo, ya magereza?"

Ikawa hivyo tena na tena. Kila akikamatwa, Ibtisam anangoja filimbi. Kila akingoja, mpira unaondoka. Nikamtazama Leanne, uso wake hausemi kitu.

Kabla ya mapumziko msichana mmoja mkubwa, mgongo kama mlango, akamkamata vibaya mpaka hijabu ikamvuka kichwani. Hapo Bi Kijakazi akanyanyuka. Sijui alifikaje, maana nyumbani kutoka jikoni mpaka sebuleni huwa anapumzika njiani. Nikamwona tu yuko katikati ya uwanja, abaya inapepea, kidole juu.

"Ya bint! Aibu! Mtoto wa watu huyu, si godoro!"

Yule msichana hakujua Kiswahili, lakini kidole alikijua. Akaomba radhi, kisha akafanya jambo ambalo Bi Kijakazi hakulitarajia. Akawaita wenzake wote, nao wakaja wakampa Ibtisam mgongo, wakasimama duara wamemzunguka, timu zote mbili zimechanganyika, wakatandaza mikono mpaka ajifunge hijabu yake kwa utulivu. Refa mwenyewe, mwanamume, alikuwa ameshageukia bahari.

Bi Kijakazi alibaki ndani ya duara amemshikia mjukuu wake pini. Aliporudi kitini hasira ilikuwa imepoa, ila hakutaka tujue.

"Wana adabu ya ajabu," akaniambia. "Wanakubwaga, halafu wanakusitiri."

Sijui alimwambia nini mjukuu wake mle ndani ya duara. Kipindi cha pili Ibtisam alikuwa mtu mwingine. Yule mwenye mgongo kama mlango akapata mpira, Ibtisam akamrukia, wakaanguka pamoja, vumbi likapanda. Ibtisam akainuka, mpira anao yeye. Kwanza akamtazama refa kama mwizi aliyefumaniwa. Refa akamwashiria, cheza. Uso wake ulivyofunguka hapo! Mtu unaweza kumnyima binti yako vitu kwa miaka, halafu siku moja unakuta alikuwa anavipenda.

Tangu hapo Riyadh wakaanza kupanda. Ibtisam akadaka juu ya vichwa vya watu, akampa Nuala, Nuala na magoti yake akafunga. Akadaka tena, teke likaenda pembeni, pointi moja. Dakika zikaisha. Tuko nyuma kwa pointi nne, na refa ameshatazama saa. Hata mtoto anajua hesabu hiyo. Sita za kati, tunashinda.

Monicah akaupiga mpira teke refu kutoka golini. Nuala akaugusa kwa vidole, ukamwangukia Ibtisam mbele ya nguzo za kati, peke yake, hatua chache tu. Mwenye mgongo kama mlango anamjia kwa kasi, mikono mbele. Ibtisam akaushusha mpira mguuni, akasita. Mguu wake ulikuwa bado hauliamini papai lile. Akalipandisha juu, akalipiga ngumi, safi kabisa, ngumi ya pale Riyadh tunayoijua sote, likapita katikati ya nguzo bila kugusa bomba.

Jamani! Timu nzima ikamvamia. Nuala kamrukia mgongoni, magoti na yote. Monicah ametoka golini kwake anakimbia uwanja mzima huku anaimba nyimbo za kanisani. Mimi mwenyewe, nasema kweli, nilikuwa nimeshamkumbatia baba mmoja nisiyemjua.

Waaustralia wamesimama tu. Wanatutazama kama watu wanaosherehekea arusi kwenye nyumba isiyo yao.

Mwamuzi wa nguzo akainua kidole. Kimoja.

"Kimoja?" Monicah akauliza. "Na vile vingine vitano ameviweka wapi?"

Filimbi ikalia, mchezo umekwisha. Tumeshindwa kwa pointi tatu. Ikabidi refa aje atueleze kama watoto. Kwa Waaustralia, sita ni za teke peke yake. Ukipitisha kwa ngumi, hata katikati kabisa, ni moja. Mwezi mzima Waaustralia wa Jeddah walikuwa wamewatumia wasichana wetu video za kuanguka, za kukamata, za kudundisha. Hili hakuna aliyelisema, kwa kuwa hakuna Mwaustralia aliyewahi kufikiri kuwa mtu mzima mwenye miguu miwili atasimama mbele ya nguzo apige ngumi. Na kwetu hakuna aliyeuliza, maana ngumi au teke kwetu ni mamoja tangu Adamu.

Ibtisam alikaa chini pale pale. Hakulia. Alikuwa anang'oa nyasi moja moja.

Leanne akavua miwani, akaanza kutembea kuelekea kwake. Bi Kijakazi akanipiga kofi mkononi. "Nifuate. Ukanitafsirie."

Tukafika mama yule ameshachuchumaa mbele ya Ibtisam.

"Kwa nini ulipiga ngumi?"

Angeweza kusema aliteleza. Angeweza kusema jua lilimwingia machoni, jua la Jeddah lingeshuhudia. Akasema, "Kwetu ndiyo njia ya uhakika. Sikujua. Na teke langu kwa mpira huu bado baya."

"Ni baya sana," Leanne akasema.

"Najua."

"Kipindi cha kwanza ulikuwa unaomba filimbi kama mtu anayeomba teksi."

"Najua."

"Cha pili hukuomba. Na kudaka kule juu, ninao wachezaji wawili tu wanaodaka hivyo." Akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Mkataba sina wa kukupa leo, nisikudanganye. Nina nafasi ya mazoezi, miezi mitatu. Tiketi na chumba kwa mwenyeji ni juu yetu. Mwisho wake ama nakusajili ama nakurudisha. Mazoezi yanaanza wiki tatu kutoka leo."

Wiki tatu. Kombe la Ghuba lilikuwa wiki ya nne. Na kliniki ya Olaya, sote tunajua, haimshikii mtu kiti miezi mitatu. Ibtisam akatutazama mmoja mmoja. Nuala, Monicah, mimi, akaishia kwa bibi yake.

Bi Kijakazi akaniambia, "Muulize huyu. Akimwona mtoto hafai, atamwambia mapema au atamzungusha mpaka mwisho?"

Nikauliza.

"Nitamwambia siku hiyo hiyo," Leanne akasema.

"Kama alivyomwambia sasa hivi kuhusu teke?"

"Kama hivyo hivyo."

Bi Kijakazi akamtazama mama yule kutoka kofia mpaka viatu. Watu wazima wawili, mmoja anatazama chini kwa urefu, mwingine juu kwa ufupi, wala hakuna aliyeona haya.

"Huyu anafaa," akasema. "Wengi waliotupokea duniani walitusifu kwanza." Kisha kwa mjukuu wake, "Sasa na wewe sema mwenyewe. Usinitegee mimi tena kama jana."

Ibtisam akamgeukia Nuala kwanza. "Kombe la Ghuba…"

"Tutalicheza bila wewe, na tutafungwa, na nitakulaumu kwenye simu," Nuala akasema, macho mekundu. "Dada zangu kule kwetu wanahama kila mwaka kwenda Australia. Nilijua tangu ulipoanza kupitiliza vituo vya metro."

"Monicah?"

"Nini? Enda. Lakini nakwambia ukitumwa maji, tuma picha."

Hapo Ibtisam akasimama, akajipangusa nyasi, akamwambia Leanne, "Nakuja." Halafu, kabla mama yule hajampa mkono, akamuuliza, "Mpira wa teke unashikwaje? Nioneshe sasa, maana wiki tatu ni chache."

Leanne akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akauokota mpira. Akamshika mikono akaipanga, mmoja huku, mwingine huku, akamwonesha namna ya kuuachia bila kuurusha. Teke la kwanza likaenda kwenye gari la kaka yake mhandisi. La pili likampita Monicah sikioni. Wale wasichana wa Jeddah waliokuwa wamekwishavua viatu wakavivaa tena, wakajipanga nyuma ya nguzo kumrudishia mipira, yule mgongo kama mlango akiwa wa kwanza.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na nilikuwa nimepanga kuondoka mapema ili wauguzi wawahi zamu ya Jumamosi. Nikapanda kwenye Kosta, nikawasha injini, nikapiga honi kidogo, ya adabu.

Bi Kijakazi akanigeukia kutoka kwenye kiti chake cha kukunja.

"Mubarak! Hebu zima hilo gari lako. Huoni mtoto yuko kazini?"

Nikazima.